Mkaa, gesi au umeme: nani anafaidika ukiwasha jiko?

Mei 2024, ndani ya wiki moja, sufuria ya Mtanzania ilizungumzwa na wakubwa mara mbili. Tarehe 8 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Tarehe 14 alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa kuhusu upishi barani Afrika, na ahadi zilizotolewa pale zilifika dola bilioni 2.2. Miongoni mwa walioahidi ni TotalEnergies, kampuni ile ile yenye asilimia 62 ya hisa za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo Bunge la Ulaya lilikuwa limelikemea kwa azimio Septemba 2022. Kwa hiyo huku unaambiwa mafuta yanaharibu hali ya hewa, huku unaletewa mtungi na watu wa mafuta, na wewe uko Mbagala au Kayole unahesabu chenji ya mkaa.

Makala hii ni ya yule aliyekwama kati ya mkaa, gesi na umeme, ambaye amechoka kusikia kila upande ukijisifu kwa jina la misitu, afya au tabianchi. Sababu hizo ni za kweli. Lakini bei unayoikuta dukani imepangwa na mtu, na mtu huyo ana maslahi yake. Ukimjua, unajua pia nafuu ya leo itadumu kiasi gani.

## Tunapima kwa nini

Nitavipima vyote vitatu kwa maswali yale yale. Kwanza, nani anakula pesa yako ukinunua. Pili, nani anaipigia debe nishati hiyo, au anaitetea kimya kimya. Tatu, unalipaje: kidogo kidogo kila siku au kwa mkupuo. Nne, sera ikigeuka, unaumia kiasi gani na unatokaje. Tano, moshi, msitu na hali ya hewa. Swali la nne ndilo ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

## Mkaa

Nani anakula. Gunia linaloshushwa Tandika limepita mikono mingi: mchomaji wa Handeni au Kilwa, mnunuzi wa kijijini, mwenye lori, kizuizi cha maliasili, dalali wa mjini, mpaka mama anayekupimia kwa kopo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa biashara ya mkaa Tanzania ina thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikichoma karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Ripoti hiyo ilisema pia kuwa serikali ilikuwa ikikosa dola milioni 100 hivi kila mwaka kwa ushuru na ada zisizolipwa. Pesa hizo hazikuyeyuka. Zilibaki mifukoni mwa watu walio kati ya msitu na jiko lako, na mwenye tanuru, anayekesha akilinda lisipasuke, ndiye anayeondoka na kidogo zaidi.

Nani anaipigia debe. Hadharani, hakuna. Mkaa hauna tangazo redioni wala mjumbe Paris. Nguvu yake ni wingi wa watu wanaoishi nao: wachomaji, wenye malori, bodaboda, wauzaji wa rejareja na halmashauri zinazotegemea ushuru wake. Ndiyo maana marufuku zake hutangazwa kwa kishindo na kufa kimya kimya. Januari 2006 Tanzania ilipiga marufuku mkaa, bei zikaruka, na baada ya wiki mbili hivi amri ikalegezwa. Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Mwaka huo huo gavana wa Kitui, Charity Ngilu, akazuia mkaa kutoka kaunti yake, lori likachomwa moto na mzozo ukaingia kati ya kaunti na kaunti. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Mkaa hauwahi kukosekana sokoni kwa amri za namna hii. Huhamia njia za panya, na gharama ya kupita njia za panya anailipa anayenunua kwa kopo.

Mashariki mwa Congo hali ni nzito zaidi. Mkaa unaopikiwa Goma umetoka kwa miaka mingi katika hifadhi ya Virunga, na biashara hiyo imelisha makundi yenye silaha, wakiwemo waasi wa Rwanda wa FDLR. Hifadhi yenyewe ikaamua kujenga umeme: kituo cha Matebe, megawati 13.8, kilianza kazi 2015, na lengo mojawapo lilikuwa kupunguza kishawishi cha kuingia msituni na panga. Pale, kumuuzia mtu umeme ni namna ya kumkatia mwenye bunduki mapato.

Kuna jambo moja ambalo wanaoupiga vita mkaa hawapendi kulisema kwa sauti. Tafiti zilizofanyika Tanzania zinaonyesha kwamba chanzo kikuu cha kufyekwa kwa misitu ni kilimo, na mara nyingi mkaa ni mavuno ya pembeni ya shamba jipya. Kumlaumu mwenye baiskeli na magunia mawili ni rahisi. Kumwambia mwenye mamia ya ekari za ufuta asipanue shamba, huku tunahimiza mazao ya biashara, kunahitaji ujasiri ambao sijauona kwenye hotuba nyingi.

Unalipaje. Hapa mkaa haujapata mshindani. Unanunua wa leo kwa pesa ya leo. Mwenye kipato cha kutwa hawezi kutoa kwa mkupuo pesa ya kujaza mtungi hata kama anajua fika kuwa kwa mwezi angeokoa. Lakini kopo ni ghali. Ukitaka kuona unavyoumia, andika kwa wiki moja kila kopo unalonunua, zidisha kwa nne, kisha ulizia bei ya gunia.

Sera ikigeuka. Unaumia haraka, kwa sababu hakuna ruzuku wala bei elekezi ya kukukinga. Nafuu yake ni kwamba jiko lako halina mkataba na mtu. Unaweza kuacha leo na kurudi kesho.

Moshi na msitu. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, hivyo hasara kubwa imeshatokea kabla gunia halijafungwa. Jikoni mkaa hauna moshi mwingi kama kuni, ila una hewa ya sumu isiyo na harufu. Wakazi wa Njombe na Limuru wanaoingiza jiko chumbani usiku kwa ajili ya baridi wanajua misiba iliyotokana na hilo. Serikali ya Tanzania hutaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia, kuni na mkaa kwa pamoja.

Mkaa unaweza kuvunwa kwa utaratibu. Vijiji kadhaa vya Kilosa, kwa mradi uliofadhiliwa na Uswisi na kusimamiwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA, vilitenga sehemu ndogo ya msitu wa kijiji, vikaigawa vipande vya kuvunwa kwa zamu, na ushuru ukaingia mfuko wa kijiji. Madarasa yalijengwa kwa pesa hiyo. Kwamba mfano huu haukuenea nchi nzima kunahusiana zaidi na nani anashika kibali na stakabadhi kuliko na miti yenyewe.

## Gesi ya mtungi

Nani anakula. Tuanze kwa kuondoa kosa ambalo hata wenye elimu hulirudia: gesi ya mtungi haitoki kwenye visima vya Tanzania vya Songo Songo wala Mnazi Bay. Gesi asilia ya Songo Songo karibu yote ni methani, inayofaa kuzalisha umeme, kuendesha viwanda na kupelekwa majumbani kwa bomba. Ya mtungi ni propani na butani, mazao ya visima vya mafuta na gesi na ya viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, na huletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Kwa hiyo pesa yako inaanzia kwa muuza rejareja, inapita kwa kampuni ya mitungi, inakwenda kwa mwenye matangi bandarini, na nyingine inavuka bahari kwa dola.

Mwenye matangi ndiye wa kumtazama. Mombasa, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gesi ya Kenya imepitia kwa AGOL, kampuni ya mfanyabiashara Mohamed Jaffer. Februari 2023 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa kituo shindani Dongo Kundu, cha Taifa Gas ya Mtanzania Rostam Aziz, aliyewahi kuwa mbunge wa Igunga na mweka hazina wa CCM. Sisemi kuna ubaya katika hilo. Ushindani bandarini unaweza kushusha bei. Ninachosema ni kwamba ukisikia mjadala wa gesi nafuu Kenya, sikiliza pia mjadala wa nani apewe gati.

Nani anaipigia debe. Wengi, na wana sauti. Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo ndilo liliitisha mkutano wa Paris, linaona karibu nusu ya watakaohamia nishati safi duniani wakitumia gesi ya mtungi. TotalEnergies imeahidi zaidi ya dola milioni 400 katika gesi ya kupikia Afrika na India. Mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi, aliouongoza Rais Samia, ulizinduliwa Dubai Desemba 2023 kwenye COP28, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi ulioongozwa na Sultan Al Jaber, ambaye pia ni mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Kwa muuza mafuta anayelaumiwa kila siku kwa kuchafua anga, mama anayeepushwa na moshi ni mteja mpya na picha nzuri kwa wakati mmoja.

Wanasiasa wetu nao wameugundua mtungi. Unabebeka, unaonekana kwenye kamera, na unabaki ndani ya nyumba ya mpiga kura. Tanzania, kupitia REA, wakala wa nishati vijijini, mitungi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa nusu bei, na mingine imegawiwa bure kwenye mikutano. Ruzuku hiyo iko kwenye mtungi wa kwanza. Wa pili unajaza mwenyewe, na swali kubwa kwa kijiji cha ndani Kilombero ni kama duka la kujazia liko kilomita mbili au arobaini.

Wapinzani wa gesi wana hoja ya kweli pia: gesi ni mafuta ya kisukuku, na tunajenga utegemezi mpya kwa kitu cha kuagiza. Ila hoja hiyo inapotoka Ulaya inapungua uzito. Mwaka 2022, Urusi ilipobana bomba, Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alifika Senegal mwezi Mei kuzungumzia gesi ya huko. Walioona gesi ya Afrika inafaa kuwapasha joto hawana ubavu wa kumkataza mtu wa Vingunguti asichemshie chai.

Unalipaje. Kwa mkupuo. Mtungi, regulata, mpira na jiko siku ya kwanza, kisha kujaza kila unapoisha. Kampuni zenye mita kwenye mtungi, ambazo hukuwezesha kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, zimejaribu kuliziba pengo hili Dar es Salaam na Nairobi. Kama ipo mtaani kwako, ichunguze, maana inakupa urahisi wa kopo bila moshi.

Angalia uzito. Kwenye shingo ya mtungi pamechapwa uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi ukisema kilo 7.2 na umelipia gesi ya kilo 6, mizani isome 13.2. Ikisoma 12.5 umepunjwa, na Tanzania muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani. Wateja wengi wanaona haya kuiomba. Usione haya.

Sera ikigeuka. Kenya ni somo kamili. Mwaka 2016 iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia na watu wakahamasika kununua mitungi. Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa, na bei ya kujaza ikapaa. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, mwaka 2023 ikafutwa tena. Gesi ile ile, meli zile zile. Waliokuwa wameshauza majiko yao ya mkaa hawakuwa na pa kukimbilia mwaka ule wa 2021. Ongeza hapo kupanda kwa dola na misukosuko ya baharini, ambayo hakuna waziri wa Dodoma wala Nairobi anayeweza kuyazuia.

Moshi na msitu. Jikoni ni safi, inawaka mara moja, na watoto hawakohoi. Kwa hali ya hewa inachafua, lakini ukijumlisha kuni zilizopotea tanurini, anayetoka kwenye mkaa wa msitu usiooteshwa upya kuja kwenye gesi kwa kawaida anapunguza uchafuzi.

## Umeme

Nani anakula. TANESCO, Kenya Power, na Uganda UEDCL, iliyochukua usambazaji kutoka kwa Umeme Limited mwishoni mwa Machi 2025. Nyuma yao wako waliojenga na kukopesha. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115, lilijengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, huku UNESCO ikilalamika kuhusu pori la Selous na serikali ya awamu ya tano, ya Rais Magufuli, ikijibu kwamba nchi haiwezi kubaki gizani. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024.

Nani anaipigia debe. Miaka michache iliyopita shirika la umeme lilikuwa likituomba tupunguze matumizi. Sasa linataka tupike. Sababu ni wingi: bwawa limeongeza umeme, na umeme usiouzwa haurudishi mkopo. Uganda hali ni hiyo hiyo tangu bwawa la Isimba na kisha la Karuma, megawati 600. Huko mikataba inaweza kuilazimu serikali kulipia umeme hata usipotumika, hivyo ikawekwa bei ya kupikia: ukivuka uniti 80 kwa mwezi, uniti za 81 hadi 150 zinauzwa kwa bei ya chini. Kenya Power ina kampeni yake, Pika na Power. Nje ya Afrika, Uingereza imegharamia kwa miaka kadhaa utafiti wa majiko ya presha ya umeme kupitia mpango unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough. Naona hii ndiyo kambi ambayo maslahi yake yanakaribiana zaidi na ya mpishi, kwa sasa. Maneno "kwa sasa" yana kazi hapo: mwaka wa ukame, kambi hii hii itakuomba uzime.

Unalipaje. Kwa tokeni, kidogo kidogo, kama mkaa. Lakini hapa kuna mtego wa daraja, na inafaa tuupige hesabu. Kwa bei za mwaka 2016 za EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, mteja wa daraja la D1 anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, jumla ni shilingi 9,150 kwa uniti zote 75. Mteja wa T1, daraja la juu yake, hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambayo na makato ni 356 hivi. Sasa tuseme nyumba yako inatumia uniti 50 za taa, friji ndogo na televisheni, halafu unanunua jiko la presha linalokula uniti moja kwa siku. Umefika 80. Zile tano za juu utalipia bei kubwa, lakini bado mwezi hautavuka shilingi 12,000. Ukizoea kuvuka ukahamishiwa T1, uniti 80 zile zile zinakuwa shilingi 28,500. Jiko halijabadilika, umebadilishwa jina kwenye mfumo tu.

Yaani mkakati mmoja wa serikali unakuhimiza upikie umeme, na jedwali la bei la serikali hiyo hiyo linakuadhibu ukitii. Uganda wameliona hilo wakaligeuza. Kenya bei ya chini kabisa huishia uniti 30 tangu Aprili 2023, na nyumba inayopikia umeme haiwezi kubaki humo.

Pamoja na yote hayo, hesabu ya chungu kimoja inaupendelea umeme. Nusu kilo ya maharage kwenye jiko la presha haimalizi uniti moja. Hata kwa bei ya T1 ni chini ya shilingi 360, na hukai kupepea. Jiko la koili au hotipleti ni habari nyingine: linakula, na ndilo lililowapa wengi imani kwamba umeme ni wa matajiri.

Sera ikigeuka. Umeme una bei inayopangwa hadharani, na kuipandisha ni kazi ya kisiasa, hivyo haipandi ghafla kama gesi. Hatari yake ni kukatika. Mgao uliodumu Tanzania hadi mwanzoni mwa 2024 ulitokana kwa sehemu na ukame, na bwawa jipya bado linategemea mvua. Kenya ina mvuke wa Olkaria unaotoka ardhini jua na mvua, lakini gridi yao nayo imewahi kuzimika karibu nchi nzima, kama Agosti 2023.

Moshi na msitu. Jikoni hakuna moshi kabisa. Kwa anga, inategemea umeme umezalishwa na nini. Kenya sehemu kubwa sana ni mvuke, maji na upepo. Tanzania, kabla ya bwawa la Rufiji, zaidi ya nusu ilikuwa ikitokana na gesi asilia, kwa hiyo aliyekuwa akipikia umeme alikuwa anapikia gesi ya Songo Songo iliyopitia nguzoni. Leo maji yamechukua nafasi kubwa.

## Majiko banifu na pesa ya hewa ukaa

Kuna mlango wa nne unaofunguliwa na pesa ya mbali. Kampuni inakupa jiko banifu, yaani linalotumia mkaa au kuni kidogo, au nishati kwa bei ndogo, kisha inauza kwa mashirika ya ng'ambo hati za hewa ukaa uliyookoa wewe. Kenya imekuwa uwanja mkubwa wa biashara hii, kuanzia majiko yanayotengenezwa Ruiru hadi ethanoli ya KOKO Networks iliyouzwa kwa mashine madukani.

Jiko lenyewe linaweza kuwa zuri, na jiko banifu la kweli hupunguza makopo ya mkaa. Mashaka yako kwenye hesabu. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba hati za majiko walizozipima zilikuwa zimekuzwa kwa wastani wa mara tisa hivi. Oktoba mwaka huo waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia kesi aliyekuwa mkuu wa C-Quest Capital kwa madai ya kutia chumvi takwimu za majiko. Kwako wewe mpishi swali ni fupi: nafuu hii inalipwa na nani, na akiacha kulipa, nishati hii nitaipata kwa bei gani? Biashara inayotegemea mnunuzi wa hati aliyeko ng'ambo na barua ya idhini kutoka wizarani inaweza kusimama kwa sababu zisizohusu sufuria yako hata kidogo. Chukua jiko linalokubali mkaa au kuni za popote. Lile linalokubali bidhaa ya kampuni moja tu, liwe jiko lako la pili.

## Kwa hali yako

Mpangaji wa chumba kimoja mwenye mita ya LUKU ya pamoja: umeme utakugombanisha na mwenye nyumba na wapangaji wenzako mwisho wa mwezi. Mtungi wa kilo 6 kwa chai, mboga na wali, na jiko banifu la mkaa kwa maharage na makande, ndio mpango unaowezekana. Usione aibu kuwa na majiko mawili. Wanaopanga mikakati hupenda kuhesabu mtu kuwa "amehama", lakini Kenya, mwenye majiko mawili ndiye aliyelala usingizi VAT iliporudi Julai 2021.

Mwenye mita yake, hasa wa D1: tazama wastani wa uniti zako za miezi mitatu. Kama uko chini ya 45, jiko la presha la umeme kwa vyakula vigumu litakulipa bila kukutoa darajani. Kama uko 65 na kuendelea, pima kwanza. Huenda gesi ikakufaa hadi bei zipangwe upya. Aliye tayari T1 hana cha kupoteza darajani, na kwa maharage umeme utamshinda mkaa wa kopo.

Uganda, ukiwa na familia kubwa: ile bei ya uniti 81 hadi 150 ni yako. Itumie maadamu ipo, maana ipo kwa sababu umeme ni mwingi.

Mamantilie na shule: hapa sheria inaamua nusu ya jambo. Tanzania imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule ya bweni ifikirie gesi ya mitungi mikubwa, au gesi asilia ya bomba kama iko Mtwara, Lindi au sehemu za Dar es Salaam zilizofikiwa. Mamantilie wa watu thelathini hajaguswa na agizo hilo, lakini mtungi mkubwa humpunguzia gharama kwa kilo, sharti awe na akiba ya kujaza kabla haujaisha katikati ya chakula cha mchana.

Kijijini, karibu na msitu wa kijiji: usikimbilie mtungi kwa sababu tu umeuzwa nusu bei. Jiko banifu la kuni nje ya nyumba, penye hewa, linaweza kukufaa zaidi hadi duka la gesi lisogee. Na kwenye mkutano wa kijiji ulizia ushuru wa mkaa unaotoka hapo unaingia mfuko gani.

Anayejali hali ya hewa kuliko bei, na anaishi Nairobi au penye umeme usiokatika sana: umeme, kwa jiko la presha, na mtungi mdogo wa akiba.

Na kama umepewa mtungi bure kwenye mkutano wa hadhara, upokee. Kabla hujaondoka muulize aliyeuleta duka la karibu la kujaza chapa hiyo liko wapi na kilo 6 ni shilingi ngapi pale, kisha ukifika nyumbani upime.